Kofia Ngumu na Miwani ya Vumbi ni Jozi Moja

(Haya ni maneno ya somo kama yalivyosomwa redioni. Msomaji, yafuate kwa kidole polepole. Ukikuta neno gumu, lisome silabi kwa silabi, kisha endelea.)

Kaeni vizuri. Mwenye kalamu na aishike. Mwenye uzi na rula aviweke karibu, maana leo tutavitumia.

Somo letu la leo lahusu vitu viwili avivaavyo mtu apandaye pikipiki. Cha kwanza ni kofia ngumu, ambayo wengine huiita helmeti. Cha pili ni miwani ya kukinga vumbi. Kila mmoja wetu amekwisha kuviona vitu hivi. Lakini ni wachache waliopata kujiuliza kama kofia hii na miwani hii vyapatana. Hilo ndilo swali letu.

Labda wewe wasema moyoni, "Mimi si dereva, somo hili halinihusu." Ngoja kidogo, ndugu yangu. Je, hujapata kupanda bodaboda kwenda Kayanga, au kumpeleka mgonjwa hospitali? Je, huna mtoto, mjukuu au mpwa apataye riziki yake kwa pikipiki? Abiria naye ana kichwa. Tena huenda wewe ndiwe utakayeuza ndizi au kahawa ili kijana wako apate fedha za kofia. Yafaa ujue fedha hizo zanunua nini.

1. Kwa nini twasema ni jozi

Akina mama waijua ngata. Ni lile duara la majani au la kitambaa ambalo mtu huliweka kichwani kabla ya kujitwika mtungi. Ngata nzuri hupatana na kichwa kwa chini, na hupatana na mtungi kwa juu. Ikipatana na kichwa tu, mtungi utayumba. Ikipatana na mtungi tu, kichwa kitauma. Kwa hiyo mama mwenye akili haulizi, "Ngata hii ni nzuri?" Huuliza, "Ngata hii yafaa kichwa changu na mtungi wangu?"

Kofia ngumu na miwani ni vivyo hivyo. Vitu hivi viwili hugombea mahali pamoja, yaani paji la uso. Ukingo wa kofia washuka kutoka juu. Fremu ya miwani yapanda kutoka chini. Vikikutana vizuri, uso wote umefunikwa na macho yaona. Vikigombana, kimoja lazima kimsukume mwenzake.

Tuseme kijana mmoja amenunua kofia nzuri. Baadaye amenunua miwani mahali pengine, bila kuijaribu pamoja na kofia yake. Fremu ya miwani hiyo ni pana mno. Akivaa vyote viwili, ukingo wa kofia waisukuma miwani chini, nayo yaibana pua. Hapumui vizuri. Basi afanya nini? Aisukuma kofia nyuma kidogo. Pua imepata nafuu, lakini sasa paji la uso li wazi. Tena, kofia ikikaa nyuma, mkanda wake huvutwa na kumkaba koo. Basi aufungua mkanda. Siku ya kuanguka, kofia yaruka kando kabla kichwa hakijafika chini.

Angalia vizuri jambo hili. Kijana huyu hakuwa mkaidi. Alikuwa na kofia, tena nzuri, na alikuwa na miwani. Kilichomponza ni kwamba vitu vyake viwili havikupatana. Kofia inayoudhi haivaliwi sawasawa, na kofia isiyovaliwa sawasawa haikingi.

2. Kazi ya kofia ngumu

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 4 au 5. Ndani yake mna ubongo, na ubongo ni laini. Sasa fikiri. Pikipiki iendayo kilomita 50 kwa saa si ya kasi sana. Twaziona kila siku. Lakini mtu akigonga ukuta kwa mwendo huo, pigo lake ni kama la mtu aliyeanguka kutoka juu ya mti wenye urefu wa karibu mita 10. Hata kwa kilomita 30 kwa saa, ni kama kuanguka kutoka juu ya paa, kiasi cha mita 3 na nusu.

Sasa fikiri juu ya mayai. Ukitaka kuyapeleka sokoni yasivunjike, huyaweki katika debe tupu. Huyapanga katika majani makavu ya migomba. Debe lazuia kitu chenye ncha. Majani yanywea na kulipunguza pigo. Kofia ngumu ina sehemu hizo mbili. Nje pana ganda gumu, nalo ndilo debe. Ndani pana tabaka la povu gumu, lifananalo na lile povu jeupe ambalo hufungiwa redio mpya ndani ya boksi lake. Hilo ndilo majani ya migomba. Pigo likija, povu husagika badala ya kichwa. Mbali na hayo, mna sponji laini na kitambaa, lakini hivyo ni vya kukupa raha tu. Kofia yenye sponji bila povu gumu ni kofia ya kudanganya askari, haiwezi kumsaidia mvaaji.

Elimu hii ina historia yake. Mwaka 1935 askari mashuhuri wa Uingereza, T. E. Lawrence, alianguka na pikipiki akaumia kichwa. Hakuwa na kofia ngumu. Baada ya siku chache alikufa. Mmoja wa madaktari walioitwa kumtazama alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa ubongo. Daktari huyu alihuzunika sana kuona watu wa pikipiki wakifa kwa majeraha ya kichwa. Akafanya uchunguzi, na mwaka 1941 akaandika habari za askari wapanda pikipiki, akaonyesha faida ya kofia. Mwaka huo huo jeshi la Uingereza likawaamuru matarishi wake wa pikipiki wavae kofia ngumu. Lile tabaka la ndani lisagikalo lilitengenezwa baadaye huko Marekani, na hati ya uvumbuzi wake ilitolewa mwaka 1953.

Mwaka 2008 wataalamu walikusanya uchunguzi mwingi wa nchi mbalimbali. Waliona kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa karibu 42 katika kila 100. Maana yake ni hii: mahali ambapo watu 100 wasio na kofia wangekufa, karibu 42 kati yao wangebaki hai kama wangevaa. Na hatari ya kuumia kichwa hupungua kwa karibu 69 katika kila 100. Hizo ni roho za watu, ndugu zangu. Ni baba wa mtu na mtoto wa mtu.

3. Pima kichwa chako

Sasa shika uzi. Uzungushe kichwani, upite juu kidogo ya nyusi na juu ya masikio, mpaka uvimbe wa kisogo. Usiukaze, wala usiulegeze. Weka alama mahali ncha inapokutana. Sasa unyooshe uzi juu ya rula na uhesabu sentimita. Ikiwa rula ni fupi, pima mara mbili au zaidi ukajumlishe. Kwa mfano, rula ya sentimita 30 ikienda mara 1 na kubaki sentimita 28, basi 30 na 28 ni 58. Kichwa chako ni sentimita 58.

Andika namba hiyo daftarini. Ndiyo namba utakayokwenda nayo dukani.

Ndani ya kofia pana kitambaa kidogo chenye herufi. Viwanda vingi hutumia herufi hizi:

S ni kichwa cha sentimita 55 mpaka 56.
M ni kichwa cha sentimita 57 mpaka 58.
L ni kichwa cha sentimita 59 mpaka 60.
XL ni kichwa cha sentimita 61 mpaka 62.

Viwanda vingine hutofautiana kidogo, kwa hiyo soma na namba pia, usisome herufi peke yake. Hapo ndipo waona faida ya kujua kusoma. Asiyejua kusoma huambiwa na mwuzaji, "Hii yako, bwana, imekukaa vizuri sana." Ajuaye kusoma hugeuza kofia na kutazama mwenyewe.

Ukiwa bado waitazama, tafuta na alama ya ubora. Alama ya TBS ni ya Shirika la Viwango Tanzania. Kofia zilizopimwa kwa kanuni za Ulaya zina herufi E ndani ya duara, na namba kando yake. Kofia za Marekani zina herufi DOT. Lakini usiridhike na karatasi iliyobandikwa tu, maana hata mdanganyifu anaweza kubandika. Pima kofia mkononi, bonyeza ndani kwa kidole gumba, uone kama povu gumu lipo kuzunguka kichwa chote.

4. Jaribu kofia kwanza

Usinunue miwani kwanza. Kofia ndiyo mkubwa, miwani ni mdogo wake. Ukiwa na fedha za kitu kimoja tu, nunua kofia, na miwani itafuata.

Vaa kofia, kisha fanya majaribio manne.

Jaribio la kwanza: tikisa kichwa kulia na kushoto kama mtu akataaye. Kofia izunguke pamoja na ngozi ya kichwa chako. Ikibaki nyuma huku kichwa chaenda, ni kubwa.

Jaribio la pili: tazama mbele. Kofia ikae sawa, isiinamie nyuma kama kofia ya mtu aliyelewa. Ikiwa ni ya uso wazi, ukingo wake uwe juu ya nyusi kiasi cha vidole 2, isizidi hapo.

Jaribio la tatu: funga mkanda wa kidevuni. Kati ya mkanda na koo vipite vidole 2, si mkono mzima. Sasa mwambie mwenzako ashike ukingo wa nyuma, aisukume kofia juu na mbele, kana kwamba ataka kukuvua. Ikitoka, hiyo si kofia yako, hata ikiwa rangi yake yapendeza.

Jaribio la nne: kaa nayo kichwani kwa muda wa dakika 10. Zungumza na mwuzaji, uliza bei, usiwe na haraka. Kisha ivue, tazama paji la uso katika kioo. Ukiona alama nyekundu mahali pamoja, au ukisikia maumivu, umbo la kofia si la kichwa chako. Vichwa vya watu si sawa. Kimoja ni cha mviringo kama chungwa, kingine ni kirefu kama yai. Namba yaweza kuwa moja na umbo likawa jingine.

5. Jaribu miwani ndani ya kofia

Sasa, kofia ikiwa kichwani na mkanda umefungwa, leta miwani. Nasema tena: kofia iwe kichwani. Kuijaribu miwani juu ya uso mtupu ni kama kuijaribu ngata bila mtungi.

Miwani tunayoizungumzia ni ile yenye kioo kipana cha plastiki ngumu, sponji kuzunguka fremu, na ukanda wa lastiki. Miwani ya jua ya kawaida haifai kazi hii. Vumbi hupita pembeni, na mikono yake migumu hubanwa na kofia juu ya masikio. Ukanda wa lastiki upite nje ya kofia, kuzunguka nyuma, wala usiupitishe ndani. Ukipita ndani, utabana kichwa na kuizuia kofia kukaa mahali pake.

Chunguza mambo matatu.

Kwanza, pengo. Mwambie mwenzako atazame kati ya ukingo wa kofia na fremu ya juu ya miwani. Vitu hivi vigusane kidogo tu, bila kusukumana. Ikiwa ngozi ya paji la uso yaonekana wazi, pana pengo. Upepo na vumbi vitaingia hapo, na kila mdudu arukaye atapiga hapo. Sababu huwa moja katika hizi mbili: miwani ni ndogo, au kofia imekaa juu mno. Angalia kofia kwanza.

Pili, msukumo. Fungua kinywa, kisha pumua kwa pua. Inua nyusi zako, halafu zishushe. Kama miwani yashuka na kubana pua, kofia yaisukuma. Usiirudishe kofia nyuma! Badili miwani, uchukue yenye fremu nyembamba. Hilo ndilo kosa la yule kijana tuliyemtaja.

Tatu, pembeni. Sponji iguse uso kuzunguka macho yote mawili, pasiwe na mahali papitishapo mwanga. Na fremu isizibe macho pembeni. Tazama mbele, mwenzako asimame kando yako na kuinua mkono. Wauona mkono huo bila kugeuza kichwa? Kama huuoni, hutaiona na motokaa inayotoka njia panda.

Mwenye kuvaa miwani ya daktari asiiache nyumbani. Iko miwani ya vumbi yenye nafasi ya kutosha ndani kwa ajili ya miwani ya macho. Aende nayo dukani, ajaribu vyote vitatu pamoja.

Jambo hili si la watu wa pikipiki peke yao. Ziko nchi za baridi ambako milima hufunikwa na theluji. Watu huko hujifunga mbao ndefu nyembamba miguuni wakateremka mlimani kwa mwendo wa kasi kuliko pikipiki nyingi. Katika mashindano yao kofia ngumu ni lazima, na kinga ya macho ni muhimu, maana upepo huliza macho na mwanga wa theluji hutia kiwi. Mmoja wao ni binti wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi, Kenya, mwaka 1998, akakulia Austria. Mwaka 2018 aliiwakilisha Kenya katika michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi huko Pyeongchang, Korea ya Kusini. Watu wa mchezo huo nao huangalia mambo yale yale: pengo juu ya miwani, msukumo juu ya pua, na kuona pembeni. Kwao pengo huingiza baridi kali, na kwetu huingiza vumbi jekundu. Dawa ni moja, kujaribu vyote viwili pamoja kabla ya kulipa. Lakini kofia yao si ya pikipiki. Ni nyepesi, na imepimwa kwa maanguko ya namna nyingine. Ukiikuta katika mtumba, usiinunue kwa kazi ya barabarani.

6. Ukungu ndani ya miwani

Karagwe ni nchi ya vilima, na asubuhi kuna baridi. Dereva aondokapo alfajiri, mara miwani yake yajaa ukungu, haoni kitu. Wengine husema miwani ni mbovu. Si lazima iwe mbovu. Pumzi ya mtu ni ya joto, na ndani yake mna mvuke wa maji. Mvuke huo ukigusa kioo cha baridi, hugeuka matone madogo, kama vile mfuniko wa sufuria unavyotoa jasho.

Kuna njia za kupunguza ukungu. Chagua miwani yenye matundu madogo juu na chini ya fremu, na hakikisha kofia haiyazibi matundu ya juu. Waona tena? Hata ukungu wategemea kupatana kwa kofia na miwani. Kitambaa cha kinywani kisifunike pua mpaka kikaisukumia pumzi juu, ndani ya miwani. Ukiona ukungu, punguza mwendo na usimame kando ya barabara, ukapanguse. Usiendeshe kwa kubahatisha.

Na rangi ya kioo je? Kioo cheusi ni cha jua kali. Kwetu jua huzama karibu saa 1 jioni, na giza huingia upesi. Ajuaye kwamba atarudi jioni achukue kioo cheupe kisicho na rangi. Wengi hujikuta gizani na kioo cheusi, wakaiinua miwani juu ya kofia, wadudu na vumbi vikawapiga machoni. Kioo kimoja cheupe kilicho safi ni bora kuliko cheusi cha kupendeza.

7. Kofia yenye kioo chake

Iko kofia nyingine, ifunikayo uso wote mpaka kidevuni, nayo ina kioo chake mbele. Hiyo haihitaji miwani, maana kioo na kofia vilitengenezwa pamoja, vimekwisha kupatana kiwandani. Tena hukinga taya na meno. Mwenye uwezo akipenda achague hiyo. Lakini kioo chake hukwaruzika upesi kwa vumbi, na kikikwaruzika, taa za motokaa usiku humtawanyikia dereva machoni. Basi dereva hukiinua, akaendesha macho wazi, na faida imepotea. Kwa hiyo kioo kilichochakaa kibadilishwe. Wengine huamua kuvaa kofia ya uso wazi na miwani yenye sponji kwa sababu ya vumbi. Shauri ni lako. Lililo kubwa ni kwamba chochote utakachokivaa, ukivae mahali pake, nao mkanda uwe umefungwa.

8. Utunzaji, na kofia ya abiria

Kofia husafishwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini. Usitumie petroli, wala mafuta ya taa, wala usiipake rangi. Vitu hivyo huweza kudhoofisha ganda na povu bila wewe kuona. Miwani nayo huoshwa kwa maji kwanza, ili mchanga uondoke, ndipo hupanguswa kwa kitambaa laini. Ukiipangusa kavu, vumbi litaikwaruza kama msasa.

Kofia iliyokwisha kupata pigo kubwa kazi yake imekwisha, hata kama kwa nje yaonekana nzima. Povu likisagika halirudi. Kwa sababu hiyo usinunue kofia iliyotumika ambayo huijui habari zake.

Abiria naye apewe kofia yake. Sheria ya usalama barabarani ya nchi yetu yadai kofia ngumu kwenye pikipiki. Najua wengine huikataa kofia ya bodaboda kwa kuogopa jasho na uchafu wa kichwa cha mtu mwingine. Hofu hiyo ina sababu, lakini dawa yake ni rahisi. Chukua kitambaa chepesi safi, ukivae chini ya kofia. Kiwe chepesi, maana kilemba kinene au nywele zilizosukwa kwenda juu huinua kofia na kuilegeza. Mama apandaye pikipiki kila wiki kwenda gulioni afadhali awe na kofia yake mwenyewe, aliyoipima kwa uzi kama tulivyojifunza. Asione haya kuibeba mkononi kama abebavyo mwavuli.

9. Tukumbuke

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Katika somo la leo tahadhari ina hatua nne. Pima kichwa. Chagua kofia. Leta miwani kwenye kofia. Tazama pengo, msukumo na pembeni. Kazi yote haizidi nusu saa, na hailipiwi. Mwuzaji akikukataza kujaribu, mwage kwa adabu, nenda duka la pili.

Maswali ya kujibu darasani

1. Kofia na miwani hugombea mahali gani usoni?
2. Kwa nini ni hatari kuisukuma kofia nyuma?
3. Mtu mwenye kichwa cha sentimita 57 atatafuta herufi gani?
4. Ukanda wa miwani upite wapi, ndani ya kofia au nje?
5. Ukungu hutoka wapi, nawe utafanya nini ukiuona?

Kazi ya nyumbani: pima vichwa vya watu watatu wa nyumbani kwako kwa uzi na rula. Andika namba zao daftarini, na herufi ya kofia inayomfaa kila mmoja. Ikiwa kuna dereva wa pikipiki nyumbani, mwombe avae kofia yake na miwani yake mbele yako, ukachunguze pengo na msukumo. Msomee sehemu ya 5 ya somo hili kwa sauti. Labda atacheka mwanzoni. Msomee hivyo hivyo mpaka mwisho.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji. Someni kwa bidii.